Picha ya Kumi na Nne

"Mhandisi wenu anasema aliionyesha kamati ya barabara ule ufa wa ukuta," alisema Inspekta Toyba Alemu.

"Basi nami nikuonyeshe walichokiona," akajibu Girum Belachew.

Mkurugenzi wa kampuni ya Ambarest aliinuka, akafunga mapazia ya chumba cha mikutano kwa mkono wake mwenyewe, akawasha projekta. Alikuwa mtu mwembamba, nguo safi, sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale. Nje, mvua ya mwezi wa Nehase iliupiga mji wa Dessie kama ilivyoupiga mwezi mzima, na ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlima Tossa hadi kwenye mapaa ya maduka.

Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyousukuma ukuta wa mtaa wa Shola-Meda. Ulikuwa ukuta mrefu wa mawe, uliojengwa kuzuia kilima kisiimwagikie barabara mpya na nyumba zilizo chini yake. Wiki iliyopita, asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya mkate, ukaachia. Ulilifunika duka la Mama Lubaba Endris, yeye mwenyewe akiwa ndani na wateja watano mlangoni. Hakutoka aliye hai. Kesho yake watu wa mtaa walikizingira kituo cha polisi wakidai jina la mwenye kosa, na polisi wakawapa jina: Bezabih Muhe, mhandisi wa Ambarest aliyekuwa akiukagua ukuta kila mwezi. Toyba ndiye aliyemtia pingu, watu wakimrushia mawe.

Slaidi zilipita moja baada ya nyingine. Barabara. Mitaro. Ukuta upande wa magharibi. Girum akasimama kwenye slaidi ya kumi na nne. *Hali ya ukuta, upande wa mashariki.*

"Haya, Inspekta. Ufa uko wapi?"

Toyba alisogea hadi kivuli chake kikaangukia picha. Aliona mawe ya kijivu yaliyoyeyukiana kama uji. Hakukuwa na mstari wala pengo.

"Siuoni."

"Hata kamati haikuuona. Watu kumi wenye macho yao."

"Picha haina makali."

"Kamera za kazini hizo, unazijua. Zinaanguka, zinanyeshewa."

"Rudisha ya kumi na tatu."

Girum akarudisha. Toyba aliweza kuona hadi majani yaliyoota kati ya jiwe na jiwe.

"Kamera ile ile?"

"Huenda mkono ulimtetemeka." Girum alitabasamu kidogo, tabasamu la msibani. "Mwenye hatia hutetemeka, nasikia."

Toyba hakutabasamu. "Mara ya mwisho kuukanyaga ule ukuta ilikuwa lini?"

"Siku niliyotia saini kuupokea. Mwaka juzi. Tangu hapo ni kazi ya Bezabih."

"Mwaka huu hukufika kabisa?"

"Sikufika."

"Na wakazi? Hakuna aliyelalamika?"

"Hata mmoja. Angelalamika mtu ningejua, mlango wangu hauna komeo."

Aliyasema yote hayo bila kupepesa macho. Toyba aliyaandika, akamsomea, akamtaka atie saini. Girum akatia. Kisha akampa nakala ya wasilisho kwenye flashi, bila kulazimishwa.

"Chukua, mama. Kweli haiogopi mwanga."

* * *

Mahabusu ya kituo ilikuwa inanuka blanketi zilizolowa. Bezabih alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameikunja kama mtu anayesubiri basi lisilokuja. Ndevu zilikuwa zimemtoka nyeupe, na alipoingia humu hakuwa mzee.

"Nimeiona slaidi yako," Toyba alisema. "Hakuna ufa."

"Upo."

"Nimesogea hadi pua ikagusa."

"Juu unaingia vidole viwili. Upande wa kulia unaingia mkono mzima. Nilipiga picha mwezi wa Hamle, mvua zilipoanza. Mkurugenzi alikuwepo."

"Anakana. Anasema hajafika pale tangu mwaka juzi."

Bezabih alicheka, kicheko kikavu. "Nilikwenda naye mimi. Gari moja."

"Una shahidi?"

"Ninaye. Mmemzika Ijumaa."

Toyba alitoa daftari.

"Mama Lubaba ndiye aliyetuita," Bezabih akaendelea. "Usiku alikuwa akisikia mawe yakilia nyuma ya tanuri. Alikuja ofisini mara tatu. Mara ya tatu mkurugenzi akasema haya, twende tukamtulize. Wote wawili wamo kwenye picha ile. Ya kumi na nne."

"Hawamo. Kuna mawe tu."

"Basi wamekatwa," Bezabih alisema polepole, akitazama vidole vya miguu yake.

"Picha yenyewe, ile halisi, iko wapi?"

"Kwenye kompyuta ya kazi. Waliichukua siku waliyonisimamisha kazi, wakaifuta yote. Walisema ina virusi. Kadi ya kamera ni ya ofisi, imeshapigiwa harusi ya mtu kwa sasa."

"Faili lako lilikuwa na ukubwa gani?"

Mhandisi akainua macho kwa mara ya kwanza. Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Megabaiti sitini na moja. Picha zangu sizipunguzi. Nilimpa mkurugenzi kwa flashi, kwa sababu baruapepe ya ofisi haipitishi kitu kizito. Akishapitia yeye, hubanwa na Wudnesh."

"Wudnesh nani?"

"Katibu muhtasi. Yeye ndiye hupunguza mafaili ya ofisi nzima."

* * *

Mambo ya kupunguza mafaili Toyba aliyajua, tena kwa kuyachukia. Kila kesi kubwa ilitakiwa kupelekwa makao makuu Bahir Dar kwa wasilisho, na mtandao wa kituo ulikuwa mwembamba kama uzi. Picha za maiti, za visu, za magari yaliyopinduka, zote zilipaswa kubanwa kwanza. Na kila alipobana, mwendesha mashtaka wa Bahir Dar alipiga simu: inspekta, hili ni jeraha au ni doa la chai?

Sajini Getaneh, msaidizi wake, aliweka kompyuta mezani akaichomeka flashi ya Girum. Alikuwa kijana wa miraba minne, mcheshi siku zote, ila tangu Shola-Meda utani ulikuwa umemkauka. Yeye na wenzake ndio waliofukua.

"Megabaiti kumi na nusu," alisoma.

"Nenda ya kumi na nne. Iguse picha, kisha ushike alama ya kukatia. Vuta ukingo wa kulia."

Getaneh akavuta. Hakikutoka kitu, ukingo ulivutika ukaacha nafasi nyeupe.

"Vuta kushoto. Juu. Chini."

"Nyeupe tupu, afande."

Toyba akarudi nyuma kwenye kiti. Ukiikata picha ndani ya wasilisho, haikatiki kweli. Inakunjwa tu, kama upindo wa suruali, na anayejua akiushika ukingo akauvuta, kilichokunjwa kinakunjuka. Kinapotea kabisa siku mtu atakapoibana picha huku ameacha alama kwenye kile kisanduku kidogo kinachosema *futa sehemu zilizokatwa*. Katika nakala hii mtu alikuwa ameiacha alama hiyo.

"Tumtafute huyo Wudnesh," alisema.

* * *

Walimkuta kwenye kibanda cha kahawa nyuma ya jengo la Ambarest, peke yake, kikombe kimepoa mbele yake. Wudnesh Asfaw alikuwa mama wa makamo, shuka jeupe begani. Alipoona sare alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Kaa, dada," Toyba alimwambia. "Sijaja kukukamata."

"Ungenikamata tu ningepumzika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mimi." Alikisukuma kikombe pembeni. "Nimesikia mjini. Wanasema ufa haukuonekana kwa sababu picha zilibanwa. Nani hubana picha Ambarest? Mimi. Miaka saba sasa. Faili haliingii kwenye barua, wote wanapiga kelele, Wudnesh libane hilo, Wudnesh utatuchelewesha. Nikabana. Sasa Mama Lubaba yuko chini ya udongo. Alikuwa akiniwekea mkate wa kona, ule ulioiva sana. Niambie, Inspekta, mimi ndiye niliyewaua?"

Mwenye kibanda aliacha kukoroga makaa. Getaneh aliangalia pembeni.

"Nieleze ulivyofanya," Toyba alisema. "Kitu kimoja kimoja."

"Mkurugenzi aliniletea faili kwenye flashi. Megabaiti sitini hivi. Nikachagua kubana picha, picha zote kwa pamoja. Nikaweka nukta mia na hamsini kwa inchi, ile ya kutazamia kwenye skrini. Ya barua ni tisini na sita, hiyo siitumii, Bezabih huwa mkali. Anasema ukinipeleka huko mawe yanakuwa maandazi."

"Na kile kisanduku cha kufuta sehemu zilizokatwa?"

"Nakitoa alama. Siku zote. Bezabih hukata picha leo, kesho anataka kuzirudisha. Mara moja nilisahau, akanifokea hadi nikalia. Tangu hapo sisahau."

Toyba na Getaneh walitazamana.

"Faili ulilituma kwa nani?"

"Kwa mkurugenzi, kwa barua. Alisema atalipitia kwa mara ya mwisho ndipo awatumie kamati. Mimi siku hiyo hiyo nikaondoka kwenda Hayk, mama mkubwa alikuwa amefariki. Nilikaa huko msibani hadi mkutano ukapita."

"Barua hiyo bado unayo?"

"Sijawahi kufuta barua maishani mwangu," Wudnesh alisema, kama mtu anayeungama.

Waliingia naye ofisini. Getaneh aliandika hati ya kuchukua ushahidi, Wudnesh akatia saini, faili likahamia kwenye flashi ya polisi. Megabaiti kumi na moja.

Njiani, wipa zikikwangua kioo cha gari, Getaneh alishusha pumzi.

"Masikini. Kosa la kitufe, afande. Hakuna muuaji hapa. Mtu amebonyeza, picha ikapotea, kamati haikuona. Basi."

"Hilo ndilo Girum anataka useme."

"Kwani si kweli?"

"Amebana yeye kutoka sitini na moja hadi kumi na moja. Hapo nakuelewa. Barua haipitishi. Lakini nakala ya Girum ni kumi na nusu. Nani huyo, Getaneh, faili lake tayari linapita kwenye barua, halafu anakaa kulibana tena kwa ajili ya nusu megabaiti?"

Getaneh alikanyaga mafuta.

* * *

Umeme wa kituo ulikuwa umekatika, lakini kompyuta ilikuwa na chaji. Walifungua faili mbili, ya Wudnesh kushoto, ya Girum kulia.

Slaidi ya kwanza hadi ya kumi na tatu, picha zilifanana kama mapacha. Ya kumi na tano na kuendelea, zilifanana. Ya kumi na nne tu ndiyo iliyotofautiana. Ya Wudnesh ilikuwa na makali yake, na juu kushoto, kati ya jiwe na jiwe, mstari mweusi ulishuka kama mjeledi. Ya Girum ilikuwa uji.

"Moja tu," Getaneh akanong'ona.

"Mtu anayetaka kupunguza mzigo hupunguza mzigo wote. Anayechagua kipande kimoja ana lake. Sasa ibane hiyo ya Wudnesh. Hii peke yake. Weka nukta tisini na sita."

Getaneh akabana, akahifadhi nakala pembeni. Picha ilipungua makali, mawe yakawa laini kidogo, lakini mstari mweusi ulibaki pale pale, unaonekana hata kutoka mlangoni.

"Haijawa uji," alisema.

"Haiwezi. Picha imejaa slaidi nzima. Hata kwa nukta tisini na sita kwa inchi, inchi ni nyingi, nukta zinatosha. Rudisha ilivyokuwa. Sasa ishike pembeni, uipunguze hadi iwe kama kiberiti."

"Kama kiberiti?"

"Fanya tu, bwana."

Akaipunguza. Picha ya ukuta ikawa kama stempu katikati ya slaidi nyeupe.

"Bana hapo hapo. Tisini na sita, na alama uiache. Haya. Sasa ivute irudi ukubwa wake."

Getaneh akaivuta. Mawe yakatanuka, yakayeyukiana, mstari mweusi ukamezwa. Aliisogeza karibu na ile ya Girum. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

"Kitufe kinaweza kukosewa," Toyba alisema. "Lakini hapa mtu ameipunguza, ameibana, ameikuza tena, ametazama, ameridhika, ndipo akatuma. Hayo hayafanywi na kidole kilichoteleza."

"Ila bado ni neno lake dhidi ya letu, afande. Atasema Bezabih ndiye aliyeileta hivyo."

"Nakala ya Wudnesh ina mstari, na yeye ameipokea kutoka kwa Girum, akamrudishia Girum. Lakini hapo umesema kweli, wakili mzuri atatuzungusha. Shika alama ya kukatia kwenye ya Wudnesh. Vuta kulia."

Getaneh akaushika ukingo, akavuta.

Safari hii haikutoka nyeupe. Lilitoka jiwe, likafuatiwa na lingine, na mstari mweusi uliokuwa unaishia ukingoni ukaendelea, ukapanuka, ukawa pengo. Kiatu cha buti kikatokea kwenye tope. Suruali iliyochomekwa. Getaneh akavuta hadi mwisho.

Girum Belachew alikuwa amesimama chini ya ukuta wa Shola-Meda, koti la mvua begani, kikombe kidogo cha kahawa kati ya vidole viwili, kama mgeni aliyekirimiwa. Na mbele yake Mama Lubaba, kitambaa cha njano kichwani, unga hadi kwenye kiwiko. Mkono wake mmoja ulikuwa umeingia ndani ya ufa na haukuonekana. Uso alikuwa amemgeuzia Girum, na mdomo uko wazi. Alikuwa akisema kitu.

Getaneh aliiacha kompyuta. Alikuwa anakitazama kile kitambaa cha njano.

"Ndicho tulichokiona kwanza," alisema. "Kwenye udongo. Kabla ya mkono."

Akasimama, akatoka nje kwenye mvua bila kofia. Toyba alimwacha. Girum alikuwa ameikata picha kabla ya kumpa Wudnesh faili, na Wudnesh hakuufuta upindo. Alihifadhi faili, akatengeneza nakala mbili, akaziandika tarehe, akampigia hakimu kuomba hati.

* * *

"Umerudi," Girum alisema. "Umemwona katibu wangu? Mwanamke mwema, ila mzembe kidogo."

"Nimemwona. Washa projekta."

Chumba kilikuwa kile kile. Safari hii Getaneh alisimama mlangoni, mikono nyuma. Toyba alichomeka flashi yake mwenyewe.

"Hii ndiyo nakala uliyowatumia kamati. Kweli?"

"Ndiyo."

"Uliituma wewe?"

"Kutoka kwenye sanduku langu, ndiyo. Ila Wudnesh anaijua nywila yangu. Mara nyingi hutuma yeye."

"Siku hiyo Wudnesh alikuwa Hayk, msibani. Nimezungumza na waliokuwa naye. Nani mwingine ana nywila yako?"

Girum alikunja miguu, akaikunjua. "Sikumbuki mtu mwingine."

"Hii hapa ni nakala aliyokutumia Wudnesh. Tazama ya kumi na nne. Una macho mazuri?"

Mstari mweusi ulitokea ukutani, mrefu kuliko mtu.

"Kumbe ulikuwepo," Girum alisema taratibu. "Masikini. Kwa hiyo ni kweli, ulipotelea kwenye kubana. Ajali mbaya kabisa, Inspekta. Sijui tutawaambia nini wale ndugu."

Toyba hakubishana. Alishika ukingo wa picha, akauvuta kulia.

Alivuta polepole, kwa makusudi. Buti kwanza. Suruali. Kikombe. Uso. Na mwanamke mwenye unga mikononi, mkubwa ukutani kuliko alivyokuwa katika maisha yake, akamwelekea Girum kitini.

Girum aliinua mkono kana kwamba mwanga wa projekta ulikuwa umemuumiza.

"Nani kakwambia uvute?"

"Jibu swali langu la juzi. Mara ya mwisho kufika pale ilikuwa lini?"

Girum alikuwa bado ameukinga uso.

"Alikuwa anakwambia nini?"

"Zima hicho."

"Alikuwa anakwambia nini, Bwana Girum?"

"Alikuwa ananiambia niingize na mimi mkono!" Ile sauti ya kubembeleza ilikuwa imemtoka. "Nisikie upepo. Alisema kuna upepo unatoka ndani ya kilima. Sikuingiza. Basi? Ningefanyaje? Ukuta ule una saini yangu. Wageni wa uzinduzi wa barabara walikuwa wamealikwa, kamati imeshapanga viti. Nikisema umepasuka, ni mimi niliyeupokea ukiwa mbovu. Nilikuwa na mpango, Inspekta. Mwezi wa Meskerem, mvua ikikatika, ningeleta mafundi kimyakimya, tuubomoe kipande kile, tuujenge. Nilidhani utavumilia."

"Ulidhani."

"Kila mhandisi hudhani! Hesabu zote hizi ni kudhani!"

"Na Bezabih? Uliona wanamtia pingu."

Hapo Girum akatulia. Alijifuta paji la uso, akamtazama Toyba kwa jicho lililopata nguvu kidogo, kama mtu aliyeteleza mtoni akapata mzizi.

"Huyo Bezabih wako. Umemuuliza siku ya mkutano alikuwa wapi? Alikuwa hapa. Kiti cha pili kutoka mlangoni, pale aliposimama sajini wako. Slaidi yake aliiona ikipita. Muulize alisema neno gani."

Getaneh alisogea pembeni ya kile kiti bila kutaka.

"Simama, Bwana Girum," Toyba alisema. "Mikono mbele."

* * *

Alikwenda mahabusu peke yake. Hati ya kumwachia Bezabih ilikuwa tayari ina muhuri, lakini hakuitoa mfukoni.

"Tumempata," alisema. "Picha tumeiona nzima. Yeye, Mama Lubaba, na ufa. Amekiri."

Bezabih alifumba macho. Midomo ilisema kitu, labda jina la Mungu. Alipofumbua, Toyba bado alikuwa amesimama.

"Nilipokwambia kwamba watu hawamo kwenye picha, hukushtuka."

Mhandisi alitazama sakafu.

"Mtu aliyeacha watu wawili kwenye picha, akaambiwa hawamo, angepiga kelele. Wewe ulisema basi wamekatwa. Ulikuwa unajua. Uliiona siku ya mkutano."

"Nilikuwa nyuma," Bezabih alisema.

"Ulikuwa kiti cha pili kutoka mlangoni. Slaidi ilipotokea uliona nini?"

"Ukungu."

"Ukafikiri nini?"

"Nilijiambia ni projekta. Ni ya zamani ile, taa yake imechakaa. Nilijiambia wao walioko mbele wanaona vizuri, ni mimi niliyeko nyuma."

"Na watu waliokosekana?"

"Nilijiambia mkurugenzi ametoa watu ili kamati iutazame ukuta. Kisha akanitazama. Alinitazama tu hivi, Inspekta, hakusema kitu. Akaenda ya kumi na tano. Nina watoto wanne na nyumba ya kampuni. Nilisema nitamfuata baada ya mkutano. Baadaye nikasema wiki ijayo."

"Uliamini kwamba ni projekta?"

"Hapana," alisema. "Sikuamini."

Toyba aliitoa hati, akaifungua, akampa asome. Hakukuwa na kifungu cha sheria alichokijua cha kumshikilia mtu kwa ajili ya ukungu alioutazama akanyamaza. Alikuwa amekitafuta mchana kutwa.

"Uko huru kuondoka."

Bezabih hakuinuka. "Kuna watu nje?"

"Wapo. Wamesikia kwamba mkurugenzi amekamatwa na kwamba wewe siye. Binti wa Mama Lubaba amekuja na wajomba zake. Wanataka kukuomba radhi."

"Kuniomba mimi radhi."

"Kwa mawe waliyokurushia."

"Umewaambia na hili jingine?"

"Bado."

Aliinuka kwa kushika ukuta. Alivaa viatu vyake visivyo na kamba, akazipokea kamba mkononi, akaziacha hivyo hivyo. Mlangoni alisimama kidogo, kama mtu anayetarajia kuambiwa la kusema, na Toyba hakumwambia.

Alimtazama kutoka dirishani. Mvua ilikuwa imepungua. Langoni kundi dogo lilifungua njia, na msichana mwenye shuka la matanga akatoka mbele, akaushika mkono wa mhandisi kwa mikono yake miwili, akauinamia. Wajomba waliinamisha vichwa. Bezabih alisimama bila kujitoa. Kisha akaanza kusema, na kwa mbali ilionekana midomo yake ikienda polepole, bila kukoma, kama ya mtu anayesoma.

Msichana aliinua uso. Alimsikiliza hadi mwisho.

Kisha mikono yake miwili ikamwachia.